Na nyumba ya kukokota kutoka Mtwapa hadi Mambrui

Jumatatu, Mtwapa

Tangu Ramadhani neno la mama ni moja: anataka kulala Mambrui, kaskazini ya Malindi, kwenye shamba alilorithi kwa babake. Huko kumebaki kisima, minazi na msingi wa nyumba iliyoanguka zamani. Kujenga ni kazi ya miaka, na mimi na mdogo wangu sote ni walimu, mshahara unajulikana. Mama naye ana miaka 72, hatuwezi kumwambia angoje. Mdogo wangu ndiye aliyeleta wazo la karavani, ile nyumba ya magurudumu inayokokotwa na gari, ndani ina kitanda, jiko, friji na choo. Wageni wanaoondoka pwani huziuza. Shule zimefunga, ni Agosti, upepo wa kusi umeanza kupungua nguvu. Tukasema twende tukaangalie.

Mjomba tumemchukua makusudi. Alikuwa nahodha wa jahazi, akipakia boriti za mikoko Lamu na kuzipeleka Uarabuni, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Karavani hajapata kuingia hata moja, lakini chombo anakijua, na mimi nilitaka macho ya mtu anayejua chombo.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, ekseli mbili, watu sita wanalala bila kubanana. Mdogo wangu aliipenda papo hapo. Mimi nilikwenda kwanza kwenye kibati kilichobandikwa karibu na mlango, kinachoonyesha uzito wa juu kabisa ambao karavani inaruhusiwa kufika ikiwa na mizigo. Kilo 1,700. Prado letu la dizeli lina kama kilo 1,900. Ushauri wanaopewa wanaoanza ni kwamba karavani na mizigo yake isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari, yaani kwetu kilo 1,615. Mwenye mali alisema injini ile inavuta zaidi ya hapo bila kuhema. Inavuta, sikatai. Ninachoogopa ni wakati wa kuteremka, au upepo ukipiga ubavuni: hapo ndipo hujulikana nani anamwongoza mwenziwe, gari au karavani. Tukashukuru, tukaondoka.

Ya pili, nilipofungua mlango tu, harufu ya ukungu. Ndani ilikuwa imepakwa rangi mpya nyeupe, na rangi mpya ndani ya karavani kuukuu mimi hunitia shaka. Nilibonyeza ukuta chini ya dirisha la mbele kwa kidole gumba, ukabonyea kama mkate uliolowa chai. Kuta hizi nje ni bati jembamba la alumini, ndani ni ubao laini, katikati sponji na kiunzi cha mbao. Mpira unaoziba viungio vya kona na paa ukichoka, maji huingia kidogo kidogo na hayatoki tena, na kiunzi kinaoza humo ndani bila mtu kujua. Fundi tuliyekwenda naye alichomeka kipima unyevu chake cha pini mbili. Chini ya asilimia 15 ni salama, ikipita 20 ujiulize mara mbili. Pale kilisoma 31.

"Chombo hiki kinavuja kutoka juu," mjomba akasema. "Cha kuvuja chini ningekikalafati, nikazibe nyufa zake."

Ya tatu ndiyo tuliyonunua. Ekseli moja, vitanda vinne, imetengenezwa Uingereza mwaka 2009. Kibati chake: tupu kilo 1,080, ikijaa kilo 1,300, basi mizigo yetu yote ina nafasi ya kilo 220, sufuria, mitungi, magodoro na nguo pamoja. Unyevu ulikuwa 12, 13, 14 kila pembe, isipokuwa kona moja ya nyuma iliyosoma 17, na kona hiyo tumeiandika ili izibwe upya kabla ya mvua za vuli. Nilivua viatu nikaikanyaga sakafu hatua kwa hatua, maana sakafu ya karavani ni mbao mbili nyembamba zilizobana sponji, na gundi ikiachia utaisikia inanesanesa kama godoro. Hii ilikuwa ngumu. Mlango uko kushoto, kwa kuwa Waingereza huendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo mama akishuka atashukia kando ya barabara. Zile za Ujerumani tulizoziona kwenye picha mlango wake uko kulia, unashuka ukaribishwe na matatu.

Kasoro ilikuwa tairi. Zina meno kama mpya, maana karavani ilikaa tu uani, lakini ubavuni ziliandikwa 1412: wiki ya 14 ya mwaka 2012. Tairi ya karavani hufa kwa umri kabla ya kuisha kwa barabara. Ikifika miaka mitano huangaliwa kwa makini, na saba haipitishwi. Mwenye mali alipunguza bei ya tairi mbili na spea, tukapeana mikono.

Jumanne, Mtwapa, gereji

Siku ndefu ya grisi. Karatasi kwanza: trela huandikishwa peke yake, na namba yake huanza na herufi Z. Tulihakikisha namba ya chasisi inalingana na iliyo kwenye karatasi kabla ya kutoa senti. Hilo lilichukua dakika kumi na ndilo ningemsihi kila mnunuzi alifanye mwanzo.

Fundi alivua magurudumu yote mawili. Chumvi ya bahari ilikuwa imefanya kazi yake: breki ya kushoto iling'ang'ania kwa kutu, kwa sababu mtu aliiegesha miaka akiwa amekaza breki ya mkono. Karavani ikilala muda mrefu breki ya mkono huachiwa na magurudumu yakawekewa vigingi. Beringi zilikuwa nzima. Breki yenyewe ni ya ajabu kidogo kwa asiyeizoea. Haina waya wala bomba la kutoka kwenye gari. Gari likipunguza mwendo, karavani inalisukuma kwa nyuma, na chuma cha mbele kinachoteleza ndani ya ala yake hukaza breki za karavani zenyewe. Kadiri inavyosukuma ndivyo inavyojizuia. Pia upo waya mwembamba wa dharura unaofungwa kwenye gari: karavani ikichomoka, waya huvuta breki ya mkono kisha hukatika. Wetu ulikuwa umechakaa nyuzi, tukaweka mwingine.

Gari nalo lilifungwa tufe la chuma la milimita 50 kwa nyuma, plagi ya taa, na vioo virefu vya kubandika, maana karavani ni pana kuliko gari na kwa vioo vya kawaida huoni chochote nyuma.

Jioni tulikwenda kupima. Rafiki wa fundi ana mizani ya malori. Tukiwa tumepakia kila kitu cha mama, karavani ilisoma kilo 1,240. Vizuri. Lakini uzito wa jumla ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni uzito wa pua, yaani kilo ngapi zinalalia lile tufe la gari. Unachukua mizani ya bafuni, unasimamisha kipande cha ubao juu yake, unashusha kichwa cha karavani juu ya ubao huo ikiwa imelala sawa, unasoma. Inatakiwa asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa jumla, kwetu kati ya kilo 62 na 87, na isivuke kile ambacho chuma cha gari kinaruhusu, ambacho kwetu ni 100. Ilisoma 74.

Mjomba alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu akitutazama. Akauliza vizito tumeviweka wapi. Nikamwonyesha: chini, juu ya ekseli, mbele yake kidogo. Makabati ya juu nguo na mito tu.

"Basi mmetia farumi," akasema, yaani ule uzito wa chini unaotuliza jahazi, akanyanyuka kwenda kuswali.

Jumatano, Mtwapa hadi Kilifi

Tulitoka saa moja asubuhi. Kufunga karavani kwenye gari kuna mpangilio wake na nimeuandika kwenye karatasi nikaibandika ndani ya mlango. Breki ya mkono iwe imekazwa. Rudisha gari mpaka tufe liwe chini ya kikombe cha kichwa cha karavani. Shusha kwa gurudumu dogo la mbele mpaka usikie limekamata. Halafu, na hili usiliruke hata kama una haraka, zungusha lile gurudumu kinyume kana kwamba unainyanyua tena: sehemu ya nyuma ya gari ikinyanyuka pamoja nayo, imekamata kweli. Ndipo waya wa dharura, plagi, taa zikaguliwe moja moja mtu akiwa nyuma, gurudumu dogo lipandishwe lote na kukazwa, miguu minne ya pembeni ikunjwe, madirisha na tundu la paa vifungwe, gesi izimwe kwenye mtungi, breki ya mkono iachiwe mwisho.

Barabara ya kutoka Mtwapa ilikuwa ikipanuliwa kuwa njia mbili kila upande, kwa hiyo ilikuwa ni michepuko na vumbi, malori na matatu. Nilishika kilomita 40 kwa saa na nikawa nawapisha watu. Kona nazikata kwa upana, maana gurudumu la karavani halifuati njia ya gurudumu la gari, linakata ndani.

Tulipofika kwenye mashamba ya mkonge ya Vipingo njia ilifunguka. Nikafika 70, kuna mteremko mdogo, ikawa 75. Lori la saruji likatupita. Kwanza hewa yake ikatusukuma pembeni, halafu lilipomaliza kupita ikatuvuta kwake, na hapo karavani ikaanza. Kushoto, kulia, kushoto. Niliiona kwenye kioo cha kulia ikitokeza, kisha kwenye cha kushoto. Gari lote likawa kama mbwa anayetikiswa na mkia wake. Mdogo wangu alipiga kelele nishike breki.

Sikushika. Kushika breki kwa nguvu wakati huo ndiyo njia ya kupinduka, na kuzungusha usukani kuikimbiza ni kuiongezea. Nilitoa mguu kwenye mafuta, nikashika usukani mikono miwili ukiwa umenyooka, nikaacha mwendo uanguke wenyewe. Sabini, sitini, hamsini na tano. Ikatulia. Mikono yangu ilitetemeka mpaka Takaungu.

Tulisimama Mnarani kabla ya daraja la Kilifi, kwenye kivuli cha mbuyu. Mjomba alishuka kabla yetu, akazunguka karavani mara moja, akasimama kwa mbali akikunja macho.

"Omo imepanda," akasema, yaani mbele. "Tezi, huku nyuma, imelala. Nani amegusa shehena?"

Mdogo wangu akakiri. Alfajiri, kwa nia njema, aliongeza jenereta ya kilo 25 na jerikani mbili za maji ya lita 20, akazipanga nyuma kabisa, chini ya sinki, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Tulitoa mizani ya bafuni palepale. Pua ilisoma kilo 34. Kilo 65 zilizowekwa nyuma ya ekseli zimeiondolea pua kilo 40, na juu ya hapo tulikuwa tumevuka kilo 1,300 za kibati kwa kilo tano. Namba hizo nimeziandika kwa wino mwekundu. Karavani ile ile, dereva yule yule, barabara ile ile. Mizigo mitatu iliongezwa mahali pabaya.

Maji tukayamwagia mbuyu. Jenereta ikaingia kwenye buti ya gari. Pua ikarudi 74. Mdogo wangu hakusema neno kwa muda, mjomba akamwekea mkono begani, akamsimulia juu ya safari moja walipopakia boriti ndefu zikazidi upande wa tezi, na jinsi jahazi lilivyokataa kusikia usukani usiku kucha. "Hata sisi tulifunzwa na bahari, baba," akamwambia.

Daraja la Kilifi lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla yake ilikuwa feri, na mjomba anaikumbuka foleni yake. Juu ya daraja kusi inatoka baharini bila kizuizi, inapiga ubavu wa kulia. Nilipita kwa 40. Niliusikia upepo ukiisukuma, lakini haikuyumba. Tulilala Kilifi, ndani yake, sote watatu, kwa mara ya kwanza. Mjomba alichukua kitanda cha mbele.

Alhamisi, Kilifi hadi Gede

Asubuhi nilikaza nati za magurudumu kwa spana ya kupimia. Gurudumu lililovuliwa hukazwa upya baada ya kilomita 50 hivi za mwanzo, na mbili za kushoto zilikubali robo mzunguko. Tezo, Matsangoni, matuta mengi. Kwenye tuta ni mwendo wa mtu anayetembea, gari kwanza, ngoja, kisha karavani, la sivyo kila sahani kabatini inahama. Kila tuliposimama nilishika vitovu vya magurudumu kwa upande wa nyuma wa kiganja. Cha kushoto kilikuwa moto kuliko cha kulia: ile breki bado ilisugua. Fundi wa pale Matsangoni aliilegeza kidogo, na tulipofika Gede vyote viwili vilikuwa vuguvugu sawa.

Msitu wa Arabuko-Sokoke ulikuwa kushoto kwetu kwa muda mrefu, kivuli kizuri, hewa baridi.

Gede tuna jamaa, na karibu na kwao kuna uwanja wa mpira mtupu. Nilitaka uwanja huo kuliko nilivyotaka kuuona tena mji wa kale, ambao tangu mwaka 2024 umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Nilihitaji kujifunza kurudi nyuma. Kwenda mbele na karavani hujifunza siku moja. Kurudi nyuma ndiko kunakowashinda watu, kwa sababu ukizungusha usukani kulia, karavani inakwenda kushoto, na ukichelewa kurekebisha inajikunja kama kisu.

Mdogo wangu alijaribu saa nzima. Alijua kanuni, aliisema kwa mdomo, lakini mikono ilikataa. Mimi nilisaidiwa na hila ndogo: shika usukani kwa chini kabisa, basi mkono wako ukienda kushoto karavani inakwenda kushoto. Mwendo wa kobe, kurekebisha kidogo kidogo, na ukiona imeanza kujikunja usipambane nayo, nenda mbele mita tano inyooke, anza tena.

Halafu mjomba akasema ajaribu. Ana miaka 74 na leseni anayo bado. Alikaa, akarekebisha vioo, akairudisha karavani kati ya mawe mawili tuliyoyaweka kama lango, polepole, mara moja, bila kusahihisha. Watoto waliokuwa wakitazama walishangilia. Alipoteremka nilimuuliza ameijulia wapi.

"Hii ni kana, mwanangu," akasema, na akaonyesha kwa mkono kana kwamba ameshika mti wa usukani wa jahazi. "Ukiipeleka kushoto, omo inakwenda kulia. Miaka mingi nimefanya hivyo. Nyinyi ndio mnaofanya kinyume."

Ijumaa, Malindi

Safari fupi, tumefika kabla ya swala. Mjini ni tuktuk na bodaboda zinazojipenyeza kati ya gari na karavani kana kwamba hapo pana njia. Mdogo wangu alishusha kioo akawa anawapungia mkono wasubiri. Nilipita njia kuu tu. Vichochoro vyenye nyaya za chini na paa za makuti zilizotokeza si vya kuingia na kitu cha urefu wa mita mbili na nusu na ushei.

Binamu yetu ana uwanja karibu na ufuo, upande wa Silversands, na alituachia tuchague mahali. Hapa ndipo penye elimu yote ya kutua, na nitaieleza polepole.

Kivuli kilichopendeza kuliko vyote kilikuwa cha minazi. Tulikikataa. Nazi moja ikianguka kutoka juu hupasua tundu la paa, na ikimkuta mtu ni msiba. Chini ya mvinje napo si pazuri kwa kukaa sana, zile sindano zake hujaa kwenye mifereji ya paa na maji yakakosa pa kupita. Tukaenda chini ya mti wa mkungu, majani mapana, kivuli kizito.

Pili, upepo. Kusi inatoka baharini, kusini mashariki. Karavani husimamishwa pua ikiutazama upepo, au mlango ukiwa upande usiopigwa, kwa sababu turubai la barazani hufungwa upande wa mlango, na upepo ukiingia chini yake hulifanya tanga. Mjomba hakuhitaji kuelezwa hilo.

Tatu, kulaza sawa. Hufanywa kushoto na kulia kwanza, karavani ikiwa bado imeshikwa na gari: unaweka ubao chini ya gurudumu lililo chini na kulisogeza lipande juu yake. Ndipo unaweka vigingi, unakaza breki, unachomoa plagi na waya, unaachanisha. Mbele na nyuma husawazishwa kwa kuzungusha gurudumu dogo. Miguu minne ya pembeni hushushwa mwisho kabisa, na kazi yake ni kutuliza tu. Anayeitumia kunyanyulia karavani huipinda chasisi. Kwenye mchanga kila mguu unataka ubao chini yake, mpana kama sinia, la sivyo kufika alfajiri umezama.

Pimamaji letu lilivunjika Vipingo. Mjomba akaingia jikoni kwa binamu, akatoka na ndimu moja, ya mviringo mzuri, akaiweka sakafuni katikati. Ikabingirika taratibu kuelekea kitandani. Nikazungusha gurudumu dogo nusu mzunguko. Ikarudi, ikasita. Robo tena. Ikasimama.

Usawa huu si wa usingizi tu. Friji ya karavani haina mota. Mwali mdogo wa gesi huchemsha amonia, nayo hupanda na kushuka kwenye mabomba kwa uzito wake mwenyewe. Friji ikiinama, mzunguko unakwama, na samaki wa mama anaoza ilhali moto unawaka.

Umeme: waya wa kuunganisha ulikuwa umezungushwa kwenye gurudumu lake, mdogo wangu alitaka kuvuta mita tano zinazotosha. Tuliufungua wote. Waya uliojizungusha ukipitisha umeme mwingi hupata moto na kuyeyuka. Gesi: regyuleta ya kizungu haikamati mtungi wa huku wa kilo 6, kwa hiyo fundi wa gesi alibadilisha regyuleta na mpira, akapaka povu la sabuni kila kiungo. Hakuna povu lililovimba. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini, ndiyo maana sakafuni kuna matundu ya kuitoa. Niliyasafisha yote matatu, mawili yalikuwa yamezibwa na viota vya nyigu.

Tulikwenda Ijumaa tukachelewa kidogo, tukaswali nje.

Jumamosi, Malindi

Mapumziko. Tumeosha chasisi yote kwa maji baridi, kwa ajili ya chumvi. Maji ya kisima ya hapa yana chumvi pia, kwa hiyo ya boila tumenunua. Binamu ameonya kuhusu mchwa: mbao za miguu zisiachwe mchangani miezi. Tumechukua vipande vinne vya zege kutoka kwa jirani anayejenga.

Jumapili, Mambrui

Daraja la Sabaki saa tatu asubuhi, maji mekundu kama kawaida, na mbele yake bahari yenye rangi mbili. Kutoka lami hadi shambani ni njia ya mchanga, kama nusu kilomita. Tulipunguza upepo wa tairi za gari, nikaingiza gia ya chini, magurudumu manne, na mjomba akaniambia jambo moja: nisisimame. Sikusimama. Katikati karavani ilizama kidogo ikatuvuta nyuma, Prado likalia, likatoka.

Mama alikuwa ameshafika kwa matatu tangu asubuhi, amekaa juu ya msingi wa nyumba ya babake pamoja na majirani. Aliizunguka karavani, akaishika ukutani kwa kiganja. Akaingia, akakaa kitandani, akafungua kila kabati, akafunga. Halafu akatoka na kuniuliza mlango unatazama wapi.

Nilikuwa nimeusimamisha upande usio na upepo, kuelekea barabara, kama nilivyojifunza. Mama anataka uelekee kisimani. Kisima kiko upande wa kusi. Nikamweleza habari ya turubai na tanga, yote, kwa adabu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, babangu alikaa hapa kila jioni akikitazama kisima kile," akasema. "Turubai mtalifunga kusi ikiisha."

Tuliachia breki ya mkono, tukaondoa vigingi, watu sita tukaisukuma kwa mikono, mjomba ameshika kichwa chake akiiongoza, mpaka mlango ukatazamana na kisima. Turubai limebaki ndani ya mfuko wake. Desemba kaskazi ikianza, upande ule utakuwa ndio uliofichika, na tutalifunga. Vipande vya zege chini ya miguu, vigingi, breki, gurudumu dogo.

Mjomba akatoa ndimu ileile mfukoni, akaiweka sakafuni. Ilibingirika kidogo kuelekea mlangoni. Nikazungusha robo, ikasimama.

Mama akainama, akaiokota, akaikata mapande mawili, akaikamulia samaki.

"Tafuteni nyingine," mjomba akatuambia. "Mchanga huu utazama bado. Asubuhi tutapima tena."